Utando wa Tumbo na Miaka ya Dayalisisi: Ushauri kwa Wagonjwa wa Figo wa Uwanda wa Chini wa Moshi

Dayalisisi ya tumbo ni njia ya kusafisha damu ya mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi, na kichujio chake ni utando mwembamba uliotanda juu ya matumbo na ndani ya kuta za tumbo, ambao wataalamu huuita peritonia. Mpira laini hupitishwa kwenye ngozi karibu na kitovu na kuachwa humo, na kupitia mpira huo maji ya dawa yenye sukari na chumvichumvi huingizwa tumboni, yakakaa kwa saa nne hadi sita huku yakivuta taka na maji ya ziada kutoka katika mishipa midogo ya damu, kisha yakatolewa na mengine mapya kuingizwa. Mpira wa aina hiyo ulibuniwa na daktari Henry Tenckhoff mwaka 1968, na utaratibu wa kubadilisha maji nyumbani mchana na usiku, bila mashine, ulianzishwa Marekani na Jack Moncrief na Robert Popovich mwaka 1976. Mtu mzima kwa kawaida hubadilisha mifuko minne ya lita 2 kila siku.

Kwa mkazi wa Chekereni, kusini mwa mji wa Moshi, ambako maji ya mito ya Rau na Njoro hulisha mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji uliokamilika mwaka 1987, faida ya njia hii haihitaji maelezo mengi. Dayalisisi ya mashine humtaka mgonjwa afike hospitalini mara tatu kwa wiki na kulala kitandani takriban saa nne kila mara, na kwa mkulima hilo ni sawa na kupoteza karibu nusu ya wiki pamoja na nauli yake. Uchunguzi wa kaya uliofanywa Moshi mjini na vijijini, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ulionyesha kuwa watu wazima 7 hivi katika kila 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo, na kwamba katika kila kumi wenye ugonjwa huo ni kama mmoja tu aliyejijua. Hospitali ya KCMC nayo imetumia dayalisisi ya tumbo tangu mwaka 2009 kuwaokoa watu ambao figo zao zimezimika ghafla, kwa mfano kutokana na malaria kali au matatizo ya uzazi, na wengi wa aina hiyo huihitaji kwa siku au wiki chache tu mpaka figo ziamke. Matumizi ya miaka mingi ni jambo jingine, na nchini Tanzania bado ni ya wachache, kwa kuwa wengi wenye figo zilizokufa kabisa huwekwa kwenye mashine. Hata hivyo, familia nyingi za Kilimanjaro zina ndugu Nairobi, Uingereza au Canada, ambako njia hii imezoeleka, na baadhi ya ndugu hao hurudi nyumbani na mipira yao tumboni au na makovu ya mipira iliyokwisha kuondolewa. Ushauri unaofuata unamhusu mgonjwa huyo, jamaa anayemsaidia, na mhudumu wa zahanati atakayemwona kwanza siku atakayougua.

Tatizo zito kuliko yote yanayoletwa na miaka mingi ya dayalisisi ya tumbo ni ugonjwa wa utando kukakamaa, ambapo peritonia iliyokuwa laini na nyembamba hunenepa, hugeuka kovu gumu, na hatimaye huyavika matumbo na kuyabana, hata chakula kikashindwa kupita. Ulielezwa katika maandishi ya kitabibu mwaka 1980, na mwaka 2000 wataalamu wa kimataifa walikubaliana kuutambua kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja, yaani dalili za utumbo kuziba, ziwe za kudumu au za kuja na kuondoka, na utando ulionenepa na kugandamana. Si ugonjwa wa kawaida, na ni vema hilo lisemwe mapema ili hofu isimfanye mgonjwa akimbie tiba inayomweka hai. Katika kumbukumbu za Australia na New Zealand, kati ya wagonjwa 7,618 waliofuatiliwa, waliopatwa walikuwa 33. Kinachoubadilisha uzito wa jambo ni muda. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2004, uliowafuatilia wagonjwa 1,958, haukumwona hata mmoja aliyeupata kati ya waliotumia njia hii kwa miaka mitatu. Kwa waliofikia miaka mitano walikuwa asilimia 0.7, kwa miaka minane asilimia 2.1, na kwa waliovuka miaka 15 walifikia asilimia 17.2. Zaidi ya theluthi moja ya waliougua walifariki.

Muda, hata hivyo, ni kipimo tu cha kiasi cha madhara ambayo utando umeyapokea, na hapa ndipo penye jambo ambalo mgonjwa hana budi kulielewa kuliko mengine yote. Maji ya dayalisisi huvuta maji ya ziada mwilini kwa nguvu ya sukari iliyomo, na mifuko hutofautiana kwa wingi wa sukari hiyo: ulio mwepesi una takriban asilimia 1.36, wa kati asilimia 2.27, na mkali asilimia 3.86. Kwa hesabu ya gramu, mfuko mwepesi wa lita 2 hubeba sukari kama gramu 27 na mfuko mkali hubeba karibu gramu 77. Sukari kwa wingi huo, pamoja na mabaki yanayotokea inapochemshwa kiwandani ili kuua vijidudu, huuunguza utando polepole, ukaota mishipa mipya ya damu na nyuzi za kovu. Mishipa ikizidi, sukari hunyonywa haraka na kuingia katika damu kabla ya kumaliza kazi yake, maji hayatoki ya kutosha, na mgonjwa hulazimika kutumia mfuko mkali zaidi, ambao nao huzidi kuharibu utando. Wataalamu wengi huamini kuwa kukakamaa hutokea kwa hatua mbili, kwanza utando uliochakaa kwa miaka, kisha pigo la ghafla, kama maambukizi makali, linaloamsha uvimbe na kuufanya utando ugande.

Swali la maana kwa mgonjwa wa kila siku basi ni kwa nini anahitaji mfuko mkali, na mara nyingi jibu liko jikoni. Anayekula chumvi nyingi hupata kiu, hunywa maji, huvimba miguu, shinikizo la damu hupanda, naye akiona uvimbe huchukua mfuko mkali ili aupunguze. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na mgonjwa wa dayalisisi ana sababu kubwa zaidi ya kukifuata kipimo hicho kwa kuhesabu chumvi yote, iliyotiwa sufuriani na iliyokuja na chakula chenyewe. Katika uwanda wa chini wa Moshi chumvi hiyo hujificha katika dagaa wakavu, katika samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu waliokaushwa kwa chumvi, katika vipande vya kukolezea mchuzi, na hasa katika magadi. Magadi yanayotiwa kwenye kiburu, maharage na mboga ngumu hayana ladha kali ya chumvi, na kwa hiyo wapishi wengi hawayahesabu, lakini yamejaa sodiamu ile ile inayoshikilia maji mwilini. Mama au mke anayepika kwa ajili ya mgonjwa atamsaidia zaidi akiloweka maharage usiku kucha na kuyachemsha polepole bila magadi kuliko akimpunguzia maji ya kunywa huku chakula kikibaki kilekile, kwa sababu kiu inayoletwa na chumvi ni vigumu kuizuia kwa amri.

Inafaa pia mgonjwa awe na mizani nyumbani na daftari, ajipime kila asubuhi baada ya kutoa maji, aandike uzito, shinikizo la damu, aina ya mfuko aliotumia na kiasi cha maji kilichotoka. Daftari hilo lina thamani kuliko linavyoonekana, kwa sababu daktari akiona kuwa mifuko mikali imetoka mmoja kwa wiki hadi mmoja kwa siku ndani ya miezi kadhaa, ameonyeshwa kuchoka kwa utando kabla mgonjwa hajahisi lolote. Palipo na maji ya dayalisisi yanayotumia wanga maalumu badala ya sukari kwa ule ubadilishaji unaokaa tumboni usiku kucha, au maji ya kisasa yasiyo na tindikali na yenye mabaki machache ya sukari iliyoungua, mgonjwa aulize kama yanamfaa. Japani, ambako maji hayo ya kisasa yameenea, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta ugonjwa wa kukakamaa umeshuka hadi takriban asilimia 1.

Mkojo uliobaki ni ngao nyingine, nayo hupuuzwa kwa sababu mtu akishaanza dayalisisi hudhani figo zake hazina kazi tena. Hata nusu lita ya mkojo kwa siku ni nusu lita ambayo utando hautalazimishwa kuivuta. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa katika karibu kila duka la dawa na humezwa baada ya siku ya kuinama shambani, huweza kuumaliza mkojo huo, na vivyo hivyo baadhi ya mitishamba isiyojulikana kipimo chake. Maumivu ya kawaida yatulizwe kwa parasetamoli kwa kipimo alichoelekeza daktari, na dawa za kuongeza mkojo, iwapo zimeandikwa, ziendelee kutumiwa hata kama mgonjwa anaona amekwisha kuingia kwenye dayalisisi.

Kuhusu hifadhi ya mifuko, joto la uwandani lina athari yake. Mahitaji ya mwezi mmoja ni mifuko kama 120, yaani takriban lita 240 za maji, na maboksi yake hujaza kona nzima ya chumba. Yakiwekwa chini ya bati lenye jua kali, au yakiachwa nyuma ya gari mchana kutwa kutoka mjini, joto huongeza yale mabaki ya sukari yenye kudhuru utando. Maboksi yakae juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu, katika chumba chenye hewa na kivuli, na kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye boksi kifuatwe. Mfuko usipashwe moto kwa kutumbukizwa katika sufuria ya maji, kwa kuwa maji yakibaki kwenye maungio huingiza vijidudu. Joto kavu, la kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ndilo salama.

Maambukizi ya utando, yaitwayo peritonitisi, ndiyo tatizo linalotokea mara nyingi zaidi, na ndiyo pigo linaloogopwa na wanaoeleza kukakamaa kwa hatua mbili. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa tangu mwaka 2022 ni kwamba kituo kisizidi wastani wa maambukizi 0.4 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, yaani mawili kwa kila miaka mitano. Kinga yake ni kazi ya mikono. Chumba cha kubadilishia maji kifungwe madirisha na feni izimwe kwa muda ule, kuku, paka na mbuzi wasiingie, barakoa ivaliwe, mikono ioshwe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, ikaushwe kwa kitambaa kisafi kisichotumiwa kwa kingine, kisha kitakasa mikono kitumiwe kabla ya kushika ncha ya mpira. Maji ya mfereji wa umwagiliaji hayafai kwa kunawa, hata yakionekana meupe, na tundu la mpira lisizamishwe katika mfereji, mto wala bwawa. Mgonjwa anaweza kulima, ila kazi ya kupandikiza mpunga, ambayo humfanya ainame kwa saa nyingi tumbo likiwa na lita 2 za maji na nguo zikilowa matope, huongeza hatari ya ngiri, ya maji kuvuja na ya tundu kuoza, na ingefaa aiachie mikono mingine ya nyumbani.

Vijidudu haviingii kwa mpira peke yake. Vingine hupenya kutoka ndani ya utumbo wenyewe, hasa mtu akifunga choo kwa siku kadhaa au akipungukiwa potasiamu katika damu, na hapa kuna tofauti ambayo huwachanganya wagonjwa wa Kilimanjaro. Mgonjwa wa mashine mara nyingi hukatazwa ndizi kwa sababu potasiamu humrundikia kati ya siku za tiba, wakati mgonjwa wa dayalisisi ya tumbo hupoteza potasiamu kila siku na huweza kupungukiwa nayo. Basi asiache mtori wala machalari kwa kusikia masharti ya jirani aliye kwenye mashine; kipimo chake cha damu ndicho kitakachosema ale kiasi gani. Kabla ya kung'olewa jino, kupimwa utumbo kwa kamera au kufanyiwa matibabu ya mlango wa uzazi, amweleze anayemhudumia kwamba ana mpira tumboni ili suala la kupewa antibiotiki mapema liamuliwe, na kwa vipimo vya utumbo na vya uzazi tumbo liwe limetolewa maji kwanza.

Dalili ya kwanza ya maambukizi huonekana kwenye mfuko wa maji yaliyotoka. Njia rahisi ambayo wagonjwa hufundishwa ni kuulaza mfuko juu ya ukurasa wa gazeti: maji mazima huwa kama mkojo hafifu na maandishi husomeka chini yake, na yakiwa na ukungu hata herufi zisisomeke, mfuko huo usimwagwe, bali uchukuliwe pamoja na mgonjwa kwenda hospitali siku hiyohiyo, awe na maumivu au asiwe nayo. Maabara ikikuta seli nyeupe zaidi ya 100 katika kila maikrolita, na zaidi ya nusu yake zikiwa zile za kupambana na bakteria, matibabu huanza bila kusubiri majibu ya kuotesha vijidudu. Kumeza vidonge vya antibiotiki vilivyonunuliwa dukani huficha ukungu kwa siku mbili tatu, huharibu kipimo, na huweza kufungua njia ya fangasi, na fangasi wakiingia kwenye utando mpira hauna budi kutolewa mara moja.

Yapo mambo mengine yaliyotajwa kuwa yanachangia kukakamaa. Dawa ya moyo ya praktololi, iliyoachwa katika miaka ya 1970, ilisababisha makovu ya tumbo hata kwa watu wasio na ugonjwa wa figo. Dawa ya klorheksidini ilipotumiwa kusafishia maungio ya mipira ilihusishwa nayo, na hivyo hivyo maji ya zamani yaliyotengenezwa kwa asetati. Hayo kwa sehemu kubwa yamepita. Umri mdogo unabaki kuwa jambo la kuangaliwa, kwa sababu kijana anayeanza tiba akiwa na miaka 20 anaweza kukaa nayo muda mrefu kuliko mzee, na kwa hiyo familia yake ianze kuulizia upandikizaji wa figo mapema. Upandikizaji hufanyika nchini, Muhimbili tangu Novemba 2017 na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu mwaka 2018.

Hakuna mwaka maalumu ambao kila mgonjwa anapaswa kuacha dayalisisi ya tumbo, na wataalamu wa kimataifa walipoliangalia upya suala hilo mwaka 2017 hawakuweka kikomo, kwa hoja kwamba kumhamisha mtu ambaye utando wake bado ni mzima kunaweza kumletea hasara kuliko faida. Kinachotakiwa ni kuupima utando mara kwa mara. Mfuko mkali ukikaa saa nne na kutoa maji ya ziada yasiyofika mililita 400, huo ni utando unaoshindwa, na mpango wa kuhamia kwenye mashine au kupandikizwa figo uandaliwe wakati mgonjwa bado ana nguvu, ikiwa ni pamoja na kutayarisha mshipa wa mkono, ambao huchukua wiki kadhaa kukomaa.

Ajabu ya ugonjwa huu, na jambo linalowapoteza wengi, ni kwamba zaidi ya nusu ya walioupata katika utafiti wa Japani wa mwaka 2004 waliupata baada ya kuacha dayalisisi ya tumbo. Maji yaliyokuwa yakiosha tumbo kila siku yakikoma, chembechembe zinazogandisha hubaki ndani, na nyuso za utando uliochakaa hushikamana. Baadhi ya wagonjwa wamepatwa miezi au miaka baada ya kupewa figo mpya, wakati ambapo wao na ndugu zao wamekwisha kusahau habari ya mpira. Mtu aliyewahi kutumia njia hii kwa miaka mitano au zaidi, akianza kushiba baada ya vijiko vichache vya wali, akikonda bila sababu, akitapika, akifunga choo kwa vipindi, akijaa maji tumboni au akitoa maji yenye damu wakati bado anatumia mpira, apelekwe kwa daktari wa figo na kupigwa picha ya tumbo ya kompyuta, ambayo huonyesha utando ulionenepa na matumbo yaliyokusanywa pamoja. Katika Tanzania, kifua kikuu cha tumbo huweza kuleta dalili hizohizo na hata kuyavika matumbo kwa namna inayofanana, na kwa kuwa kina tiba yake kamili, kipimwe kwanza badala ya kudhaniwa.

Tiba ya kukakamaa kwenyewe ni ndefu na haina uhakika. Lishe hutangulia, ikibidi kwa njia ya mshipa, kwa sababu wagonjwa wengi huuawa na njaa na maambukizi. Dawa za kutuliza uvimbe za jamii ya steroidi na dawa ya tamoksifeni, inayojulikana zaidi kwa saratani ya matiti, hutumiwa ingawa ushahidi wake ni wa wagonjwa wachache. Na upasuaji wa kumenya kovu juu ya matumbo hufanywa vizuri na madaktari waliouzoea, kwani utumbo ukitobolewa katika hali hiyo maisha huwa hatarini. Ndiyo sababu kila anayeacha dayalisisi ya tumbo, popote alipoitumia, anastahili kudai barua yenye miaka aliyoitumia, idadi ya maambukizi aliyopata, aina ya mifuko aliyokuwa akiitumia na kipimo cha mwisho cha utando wake, na nakala ya barua hiyo ikae pamoja na kadi yake ya kliniki, ili daktari wa zamu usiku ule atakapoletwa na tumbo lililoziba aisome kabla ya kushika kisu.